Maji ya Makayabo

Ninyi vijana munaojifunza kazi ya kuuguza wagonjwa, wekeni kalamu chini kwanza. Neema, mwalimu wenu, ndiye aliyeniomba niandike haya. Anasema kila mwaka munameza majina ya magonjwa ya tezi za juu ya figo mpaka siku ya mutihani, na baada ya mutihani yanatoka kichwani kama jasho. Mimi shule niliacha mwaka wa tatu, kwa masista. Kuandika ninaweza, polepole. Lakini ugonjwa huo nimeubeba mwilini, na kitu ulichokibeba mwilini huwezi kukisahau. Someni mpaka mwisho. Asiyetaka kusoma ampe mwenzake hii karatasi, asiifungie karanga.

Ilianza wakati wa kiangazi, mwaka wa pili tangu tulipoacha, kwa amri ya serikali, majina ya ubatizo na kushika yale ya mababu. Nilikuwa mujane, ninakaa mutaa wa Bagira kwa kijana wangu Bisimwa, pamoja na muke wake Faida na watoto wao wawili, mumoja angali mugongoni. Binti yangu Nsimire alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka yetu, kwa hiyo alishinda kwetu kuliko kwake.

Nguvu ndizo zilitangulia kuondoka. Mimi nilikuwa mwanamuke wa kupandisha kilima na gunia la muhogo, kamba kwenye paji la uso, bila kuomba mutu anipokee. Sasa nikisimama kutoka kwenye mukeka, nyumba ilizunguka. Nikakonda. Kikwembe kilichonizunguka mara moja na nusu kikaanza kunizunguka mara mbili. Chakula kilininukia vibaya. Kisha ngozi ikabadilika. Mimi ni mweusi, nilizaliwa hivyo, lakini weusi huu ulikuwa mwingine. Mistari ya viganja ilikuwa kama imechorwa kwa makaa. Ufizi ukawa mweusi, vifundo vya vidole vikawa vyeusi, na kovu langu la zamani la jembe, kwenye muguu, likawa kama lami ya barabara. Jirani mumoja mwenye mudomo aliniuliza sokoni, pale nilipouza unga, kama siku hizi ninalala ndani ya sufuria. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka nao, kisha nikarudi nyumbani na nusu ya unga wangu haijauzwa.

Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho sikumuambia mutu. Nilitamani chumvi. Sisemi kupenda chumvi, kila mutu anaipenda. Nilikuwa ninaitamani kama mutu wa sigara anavyotamani sigara. Nilitia kidole ndani ya kopo la chumvi kila nilipopita jikoni. Munajua makayabo, ule samaki wa chumvi unaokuja mukavu kama ubao, mpaka uuloweke ndani ya maji usiku kucha ndipo ulike. Yale maji watu wanamwaga. Mimi niliyanywa. Asubuhi moja Faida alinikuta nyuma ya jiko, nimechuchumaa, beseni mudomoni.

Muelewe vizuri. Kwetu mama-mukwe haonekani na muke wa kijana wake katika hali ya namna ile. Faida aligeuza uso, akatoka, akakohoa nje kama mutu anayefika sasa hivi, akanipa nafasi ya kufuta mudomo. Kesho yake nilikuta kopo karibu na kitanda changu, limefunikwa na kisahani. Ndani, maji ya makayabo. Tangu siku ile hakuacha. Siku ambayo makayabo haikuwapo, alikoroga chumvi ndani ya maji ya vuguvugu, akafunika, akaleta. Sikumuambia asante. Mama-mukwe wa aina yangu hakuwa anasema asante kwa kopo la maji. Lakini maji yale ndiyo yalikuwa yananisimamisha, na hakuna kati yetu aliyejua.

Jumamosi moja tulitoka kwenda salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa. Tulikuwa tunazibua mufereji. Niliinama na jembe, na sikuinuka. Walinibeba mpaka nyumbani na matope yangu.

Hapo ndipo Nsimire alipotamka karuho. Kwa musomaji wa mbali: karuho ni sumu, watu wanasema inatiwa kwa siri ndani ya kinywaji, inakula mutu polepole, inamukausha, inamufanya mweusi, mpaka anakufa na muwekaji analia matanga pamoja na wengine. Kwetu mutu akikonda, neno hilo halikosi kutajwa. Nsimire alikuwa ameona kopo likiingia kwangu limefunikwa. Mutu gani anafunika maji ya kunywa kama hana cha kuficha? Akaniuliza mbele ya wote, Bisimwa amesimama pale, Faida amesimama kwenye mulango na mutoto mugongoni.

“Maman, Faida iko anakupatia nini mu ile kopo?”

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi. Lakini nikawaza: nikisema ni maji ya kulowekea samaki, kesho Bagira nzima itajua kwamba ninakunywa kutoka beseni kama mbwa. Nilikuwa mutu wa heshima, mama wa kikundi cha wamama kanisani. Nikasema, “Sijui.”

Neno moja tu hilo. Faida alinitazama, akangoja. Bisimwa akasema, “Maman, sema vizuri.” Nikageukia ukuta. Juma lile lile Bisimwa alimupandisha muke wake kwenye kamyo ya kwenda Bunyakiri kwa wazazi wake, na mutoto mugongoni. Ule mutoto mukubwa akabaki kwetu, anauliza kila jioni mama yake anarudi lini.

Walinipeleka kwa muzee mumoja, kwenye njia ya Lwiro, aliyejulikana kwa kutoa karuho mwilini mwa watu. Tulingoja nje juu ya majani tangu asubuhi, tuko watu kumi na kitu, kila mutu na anayemushuku moyoni. Alinipa miti iliyopondwa ndani ya maji ya ndizi mbivu, nikunywe nitapike, mara tatu kwa siku, siku ine. Na mwiko wake ulikuwa mumoja: nisiguse chumvi. Chumvi, alisema, inaamusha sumu.

Ninyi munaosoma, musimucheke muzee huyo. Hakuwa mwizi, alikuwa anafanya alichofundishwa. Lakini angetaka kuniua hangepata njia iliyo bora. Nilitapika chumvi kidogo iliyobaki, na ile ya kurudisha nikakatazwa. Nsimire alikuwa ananishikia beseni, anatazama ndani, anaita wengine waje waone sumu inavyotoka. Ilikuwa maharagwe. Siku ya tano sikuweza kuinua kichwa. Miguu ilikuwa baridi, na moyo ulikuwa unapiga, unasimama kidogo kama unafikiri, kisha unapiga tena. Bisimwa na vijana wa mutaa walinibeba kwa kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubeba begani, mpaka ku hopitali.

Ku hopitali kitu cha kwanza ni benchi. Sijui kama ku masomo yenu munafundishwa benchi. Mufundishwe. Mugonjwa analala juu ya mapaja ya ndugu yake, anahesabu viatu vinavyopita, na kila kiatu cheupe anadhani kimemujia. Mbele yangu alikuwa baba mumoja wa Mwenga, muchimba dhahabu, muguu wake umevimba na unanuka. Alipoitwa, alinitazama akawaambia wale wa mulangoni, “Muanze na huyu maman, miye muguu yangu haikimbie.” Sikujua jina lake. Ninamuombea mpaka leo.

Walinilaza. Walinipa dawa ya malaria, kisha dawa ya tumbo, na chupa ya seromu ya sukari inayoingia kwa mushipa. Nikapata nafuu kidogo, kisha nikarudi chini. Siku zikapita hivyo. Kila asubuhi wanafunzi wa uuguzi walikuja na nguo nyeupe, wakizunguka kitanda na mwalimu wao, na yeye anawauliza maswali juu ya kichwa cha mugonjwa kana kwamba mugonjwa ni meza. Kulikuwa na mumoja mwembamba, binti aliyetoka mutaa wa Kasha, akija kwa muguu kila siku. Akiulizwa, alificha mukono nyuma ya mugongo na kuchezesha vidole. Mwalimu alimuambia mbele yetu sote kwamba kichwa chake ni kitunga, unatia maji yanapita. Huyo alikuwa Neema.

Ndiye alipewa kazi ya kuniosha. Siku moja alishika kiganja changu apanguse, akaacha kupangusa. Akakisogeza kwenye dirisha. Kisha akafungua mukono wake kando ya wangu, akaanza kukunja kidole kimoja kimoja na kusema peke yake.

“Uko unahesabu nini?” nikamuuliza. “Myaka yenye inanibakia?”

“Hapana, maman. Niko narudilia masomo.”

“Rudilia kwa sauti. Hata meza iko na masikio.”

Akacheka, akaogopa kwamba amecheka. Kisha akanionyesha. Muutazame mukono wenu sasa, musisome tu. Mukono ulio wazi, vidole vimetawanyika, kila kitu kinapita katikati yake. Huo ndio mukono wa mutu ambaye tezi zake za juu ya figo zimekufa. Kidole gumba, kifupi, kiko chini: tansio, ile presha ya damu, imeshuka. Cha pili, chenye kulamba chumvi jikoni: chumvi imepunguka katika damu. Cha katikati, kirefu kuliko vyote: potasiamu, hiyo peke yake imepanda. Cha pete: sukari imeshuka, kama pete inavyoteleza na kuanguka. Cha mwisho, chembamba: mutu amekonda. Na kiganja chenyewe, kilichobeba vidole vyote, kimekuwa cheusi katika mistari.

Alipofika kwenye kidole cha pili alisimama.

“Maman, mbele ya kuya huku, chumvi ulikuwa unaipenda sana?”

“Hapana.”

“Hata kidogo?”

“Kidogo.”

Akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo lilikatazwa. “Maman, miye nilianguka mutihani mara mbili juu ya hii ugonjwa. Usinidanganye, nitaanguka mara ya tatu.”

Sijui kwa nini kwa mutoto huyu wa watu niliweza kusema kile kilichonishinda mbele ya damu yangu. Labda kwa sababu alikuwa amekwisha kuona sehemu zangu zote na taulo mukononi. Nilimuambia beseni. Nilimuambia kopo na kisahani. Nilimuambia Faida, na nilimuambia “sijui.” Aliposikia ile dawa ya kutapika na mwiko wa chumvi, alishika kinywa. Aliposikia maji ya ndizi, alinyoosha kidole cha katikati na kukitazama. Ndizi, aliniambia, imejaa hiyo potasiamu. Tulikuwa tumeongeza kilichozidi na kuondoa kilichopunguka.

Alikimbia kumuita mwalimu wake. Nilisikia koridoni mwalimu akimuuliza tangu lini kitunga kinafundisha kisima. Lakini dokta muzee alikuwa anapita, akataka kusikia. Akaja, akanifungua mudomo, akatazama ufizi, akatazama kovu la muguu. Akaniuliza kama niliwahi kuugua kifua kikuu. Niliugua, zamani, kikohozi kile kirefu, nikatibiwa na kupona. Akasema hakikuisha chote, kilishuka chini kwa siri kikala zile tezi. Walichukua damu, lakini hakungoja majibu. Chupa ya sukari hakuiacha peke yake, akaweka ya chumvi pamoja nayo, na sindano ya kortizoni, kile ambacho tezi zangu ziliacha kutengeneza, ndani ya mushipa. Kesho yake asubuhi niliamka nikaomba uji. Bisimwa, aliyelala chini kando ya kitanda, alitoka nje kwenda kuutafuta na akasahau kuvaa viatu.

Kwenye kitanda cha mbele yangu alikuwa mama mwenye pumu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anajinunulia vidonge vya kortizoni sokoni, bila kumuuliza mutu, kwa sababu vilimupa pumzi. Yeye alikuwa kinyume changu. Uso muviringo kama ungo, tumbo kubwa, mikono na miguu myembamba. Neema alikunja ngumi akanionyesha: mukono uliofungwa haupitishi kitu. Chumvi inabaki, maji yanabaki, sukari inapanda, tansio inapanda. Ngumi ni muviringo kama ule uso. Na kile kidole kirefu kimekunjwa pamoja na vingine, maana yake potasiamu sasa iko chini. Mukono wazi na mukono wa ngumi. Mukishika hayo mawili hamutaanguka mutihani. Lakini yule mama alikuwa anataka kutupa vidonge vyake vyote siku moja kwa hasira ya uso wake, na hapo nami nilijifunza: mwili uliozoea kupewa, ukiunyima gafula, unaanguka kama mimi kwenye mufereji. Unapunguza polepole, na dokta ndiye anasema.

Nilimuambia Neema aongeze jambo moja kwenye mukono wake. Akimaliza kuhesabu, aweke ncha ya kidole kirefu kwenye mushipa wa mugonjwa, kwa sababu potasiamu iliyopanda inakwenda kugonga moyo. Moyo ukisimama kufikiri, akimbie kuita dokta. Hicho sikukipata kwenye buku.

Majibu ya damu yalikuja. Dokta akaniambia sitapona kwa maana ya kupona. Nitameza vidonge asubuhi na muchana mpaka kufa, na nikipata homa ao kutapika nimeze mara mbili, na kama havikai tumboni nije nichomwe sindano, bila kungoja maombi yaishe. Wagonjwa wenu muwaambie hivyo hivyo, wazi. Mimi nililia siku moja, kisha nikaona kwamba siku moja inatosha.

Kabla ya kutoka nilimuita Bisimwa na Nsimire. Niliwaeleza yote, beseni pia.

“Kwa hiyo,” Bisimwa akasema, “miye nilifukuza muke wangu juu ya maji ya samaki.”

“Juu ya mama yako,” nikamuambia. “Samaki haikusema kitu.”

Mvua zilipoanza, na mimi ninaweza kukaa ndani ya kamyo bila kuanguka, tulikwenda Bunyakiri. Baba ya Faida hakutukaribisha ndani. Akaniwekea kiti uani, mbele ya ndugu zake na majirani, akasema niseme pale pale, kwa kuwa jina la mutoto wake lilichafuliwa mbele ya watu. Nikasema. Hakuna sindano niliyochomwa ambayo iliuma hivyo. Faida alisikiliza amesimama, mutoto sasa anatembea amemushika kikwembe.

“Maman,” akasema, “nilikuwa nangoja useme. Mpaka kamyo inawaka, nilikuwa nangoja.”

Alirudi nasi baada ya juma moja. Nilidhani imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Nsimire alikuwa na hesabu yake. “Ugonjwa ya dokta iko,” alisema, “na karuho iko pia. Zote mbili zinaweza ingia mu mutu mumoja.” Kwa hiyo vidonge vyangu alivishika yeye, amevifunga kwenye ncha ya kikwembe chake, analeta kimoja asubuhi na kimoja muchana, kama mulinzi wa gereza. Ndugu za Bisimwa, watoto wa baba zake wadogo, wakija, walisema wameshiba. Kila siku walikuwa wameshiba. Faida alipika sombe ya majani ya muhogo, alipika fufu ya unga, sahani zikarudi zimejaa. Watoto wa jirani wakaitwa na mama zao kila walipokaribia sufuria yetu. Faida akaanza kukonda kuliko mimi, na hakuna aliyetamka karuho juu yake. Siku moja mvua kubwa ilimuzuia Nsimire mpaka jioni. Nililala pale miguu inaanza baridi, na Faida amesimama mulangoni na maji ya chumvi mukononi, analia, kwa sababu kidonge hakuwa nacho.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, niliwaita wote, na ndugu za Bisimwa, na chakula cha Faida mezani. Nilimuambia Nsimire afungue fundo lake. Nikachukua vidonge nikaviweka mukononi mwa Faida. Akarudi nyuma, akavisukuma kwangu.

“Maman, hapana. Siku utakufa, hata na malaria, hata na uzee, batasema ni miye.”

Alisema kweli. Ninawajua watu wangu. Niliona Nsimire anatazama chini, na ndugu za Bisimwa wanatazama sahani. Nikakunja vidole vya Faida juu ya vidonge, nikaushika mukono wake ndani ya wangu ili kila mutu aone. Sikupandisha sauti.

“Kuanzia leo dawa yangu inakaa kwa Faida, na yeye njo atanipatia, asubuhi na saa munane. Chakula yake mutakula, ao mutatafuta kwingine kwa kukula. Na siku nitakufa, munizike. Hakuna mutu atamuuliza Faida kitu.”